Seva imewaka, mtandao haupo: majina ya kadi za mtandao baada ya kupandisha toleo la Linux

Unapandisha seva kutoka Debian 12 hadi Debian 13 ukiwa mbali nayo, kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao). Vifurushi vyote vinaingia bila lalamiko. Unaandika `reboot`, unasubiri, unajaribu kuingia tena, hupati kitu. Ping haijibu. Mtu aliye karibu na mashine anakwambia kwa simu kwamba taa za kadi zinawaka na skrini inaomba jina na nywila kama kawaida. Mashine nzima, kebo nzima, faili ya mipangilio haijaguswa na mtu. Kilichobadilika ni jina tu. Faili inasema `enp1s0`, na mfumo sasa unaiita kadi ileile `ens1`. Anwani ya IP imeandikiwa kifaa ambacho hakipo.

Wengi wetu tunalichukulia jina la kiolesura cha mtandao kana kwamba limechongwa kwenye kadi yenyewe. Halimo humo. Jina ni jibu linalokokotolewa upya kila mashine inapowaka, kutokana na maelezo ya pande tatu: fimuweya ya mashine (BIOS au UEFI), kerneli (kiini cha Linux) pamoja na draiva ya kadi, na udev, ile sehemu ya systemd inayopokea vifaa na kuvipa majina. Upande mmoja ukibadili maelezo yake, jibu nalo linaweza kubadilika. Kupandisha toleo la mfumo hubadilisha pande mbili kati ya hizo kwa mpigo. Ndiyo maana swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ni nani kati ya hawa watatu amesema kitu tofauti na jana? Ukilijua hilo, tiba ni ya dakika chache. Usipolijua, utajikuta unasakinisha upya seva ambayo haina ugonjwa wowote.

Inafaa kujua tulifikaje hapa, kwa sababu mabaki ya kila zama bado yamo kwenye mashine za watu.

Mwanzoni kerneli iligawa majina kwa kufuata nani amefika kwanza: kadi iliyogunduliwa mwanzo ni `eth0`, inayofuata `eth1`. Ni kama kuwaita watu kwa nafasi zao kwenye foleni ya zahanati. Kesho wakija kwa mpangilio mwingine, "wa pili" ni mtu mwingine kabisa. Kwenye mashine yenye kadi moja hakuna shida. Kwenye mashine inayofanya kazi ya ruta, `eth0` ikiwa upande wa intaneti na `eth1` upande wa ofisi, kubadilishana majina kuna maana ya kanuni za ulinzi kugeuka: upande uliokuwa unaaminiwa sasa ni ule wa nje.

Tiba ya kwanza ilikuwa faili ya udev, `/etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules`, iliyoandika anwani ya MAC ya kila kadi (namba inayoitambulisha kadi) kando ya jina lake. Ilisaidia kwa miaka mingi, lakini ilikuwa na kasoro mbili. Ukinakili mashine pepe, nakala inapata MAC mpya, faili inamkumbuka `eth0` wa zamani, na kadi mpya inaitwa `eth1`. Kasoro ya pili ni ya ndani zaidi: udev ilikuwa inagawa majina ya `eth` wakati kerneli nayo inagawa majina hayohayo ya `eth`, na mara nyingine jina ambalo udev inalitaka lilikuwa tayari limeshikwa na kadi nyingine. Baadaye Dell walileta `biosdevname`, iliyotoa majina kama `em1` na `p1p1`. Fedora 15 ya mwaka 2011 iliyatumia. Kisha systemd 197, mapema mwaka 2013, ikaleta mfumo tulio nao sasa. Red Hat Enterprise Linux 7 iliufuata mwaka 2014. Debian 9, mwaka 2017, iliutumia kwenye mashine zilizosakinishwa upya tu; zilizopandishwa kutoka matoleo ya nyuma ziliachiwa majina yao ya zamani. Hapo ndipo penye asili ya hali inayowachanganya wengi: seva mbili za Debian toleo moja, moja ina `eth0`, nyingine ina `enp3s0`. Debian 10 ilipotoka mwaka 2019, maelezo yake yalisema wazi kwamba ile faili ya `70-persistent-net.rules` haiungwi mkono tena rasmi, ingawa inaweza kuendelea kufanya kazi katika baadhi ya hali. Kuna seva nyingi zinazoishi kwa hiyo "inaweza" mpaka leo.

Sasa tulisome jina lenyewe. Herufi mbili za mwanzo ni aina ya kifaa: `en` ni Etheneti, `wl` ni Wi-Fi, `ww` ni modemu ya mtandao wa simu. Kinachofuata kinaonyesha ushahidi uliotumika. `o` ni namba ya kadi iliyojengwa ndani ya ubao mama, kama ilivyotangazwa na fimuweya: `eno1`. `s` peke yake ni namba ya sloti: `ens1`. `p` na `s` ni anwani ya kifaa kwenye PCI, njia zinazounganisha kadi na ubao mama: `enp3s0` ni njia ya 3, kifaa 0, na ikiongezewa `f1` mwishoni ni sehemu namba 1 ya kifaa chenye sehemu zaidi ya moja, kwa mfano kadi yenye matundu kadhaa. `x` ni MAC nzima iliyoandikwa mfululizo.

Hapa pana mtego mdogo unaowapotezea watu muda. Amri ya `lspci` inaonyesha anwani kwa tarakimu za kumi na sita, lakini jina la kiolesura linatumia tarakimu za kumi. Kadi ya Intel inayoonekana kwenye `lspci` kama `00:1f.6` inaitwa `enp0s31f6`, kwa sababu 1f ni 31. Ukitafuta "1f" kwenye majina hutaipata.

Udev haichagui ushahidi huu kwa bahati nasibu. Ina mpangilio, na mpangilio huo umeandikwa kwenye faili ya `99-default.link`, kwenye mstari wa `NamePolicy`. Ukiacha hatua za mwanzo zinazohusu majina yaliyokwisha kupangwa, inajaribu kwanza `onboard`, kisha `slot`, kisha `path`. Ushahidi wa kwanza kupatikana ndio unaotumika. Angalia maana yake: kadi inaitwa `enp1s0` kwa sababu tu fimuweya haikusema lolote kuhusu ubao mama wala sloti, au ilisema na udev haikusikiliza. Siku udev ikianza kusikiliza, kadi ileile inahama kutoka `enp1s0` kwenda `ens1` bila mtu kushika bisibisi. Na fimuweya si shahidi wa kuaminika siku zote. Waliotumia CentOS 7 ndani ya VMware wanalikumbuka jina `eno16777736`. Namba hiyo kubwa ilitolewa na fimuweya ya mashine pepe kama namba ya kadi, na systemd baadaye ikaweka kikomo cha kukataa namba za namna hiyo.

Turudi kwenye Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, kwa sababu inaonyesha jambo hili vizuri sana. Maelezo ya toleo hilo yanataja hali mbili zinazojulikana kubadilisha majina. Ya kwanza inahusu mashine ambazo fimuweya yake inatangaza namba ya sloti kupitia kipengele cha ACPI (maelezo ya vifaa ambayo fimuweya huupa mfumo) kinachoitwa `_SUN`. Debian 12, yenye systemd 252, ilikipuuza. Debian 13, yenye systemd 257, inakitumia. Hapa fimuweya haikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni udev.

Ya pili inahusu kadi zinazotumia draiva ya `i40e`, ambazo ni kadi za Intel zinazopatikana sana kwenye seva. Draiva kwenye kerneli mpya imeanza kutaja jina la tundu la kadi, na udev, kwa kanuni yake ya siku zote, inaliongeza mwishoni: `enp1s0f0` inakuwa `enp1s0f0np0`. Safari hii udev haikubadilika. Iliyobadilika ni kerneli.

Tofauti hii ndiyo inayoamua dawa gani itafanya kazi. Systemd inakuruhusu kuigandisha kanuni ya zamani ya kutoa majina kwa kuongeza `net.naming-scheme=v252` kwenye mstari wa kerneli. Kwa mashine yenye tatizo la `_SUN`, hiyo inatosha: udev inarudi kwenye tabia yake ya Debian 12. Kwa mashine ya `i40e` haisaidii chochote, kwa sababu kanuni ya udev ilikuwa ileile tangu zamani. Ushahidi ulioletwa na kerneli ndio mpya. Mtu aliyesoma ushauri wa `net.naming-scheme` mahali fulani na kuujaribu kwenye kadi ya `i40e` atadhani mfumo haumsikii.

Upande wa tatu, fimuweya, hubadilika ukisasisha BIOS au ukigusa vifaa. Ukichomeka diski ya NVMe au kadi ya michoro, njia za PCI zinaweza kuhesabiwa upya, na `enp3s0` ikawa `enp4s0`. Watu huilaumu diski mpya kwamba "imeua" kadi ya mtandao. Kadi ni nzima, imehamishiwa namba nyingine.

Ukishakwama, unahitaji kufika kwenye terminali ya mashine yenyewe: konsoli ya mtoa huduma wako wa seva, au mtu mwenye skrini na kibodi unayemwelekeza kwa simu. Amri ya kwanza ni:

```
ip -br link
```

Inatoa orodha fupi ya violesura vyote, hali zake na MAC. Linganisha MAC na kumbukumbu zako, kama unazo. Kisha tafuta historia ya jina:

```
dmesg | grep -i renamed
```

Utaona mstari kama `e1000e 0000:00:1f.6 enp0s31f6: renamed from eth0`. Mstari mmoja huo unakupa draiva, anwani ya PCI, jina jipya na jina ambalo kerneli ilianza nalo. Ukitaka kuona ushahidi wote uliokuwa mezani, `udevadm info /sys/class/net/ens1` itakuonyesha `ID_NET_NAME_ONBOARD`, `ID_NET_NAME_SLOT` na `ID_NET_NAME_PATH`, kila kimoja kilichopatikana. Mara nyingi jina la zamani limo humo, kwenye `ID_NET_NAME_PATH`, likikuambia kwamba ushahidi wa sloti ndio uliolipiku. Pia `ip link` inaweza kulionyesha jina la zamani kama `altname`. Amri za `ip` hulikubali jina hilo mbadala, lakini usilitegemee kwa kila programu. Kanuni za faiwoli, kwa mfano, hulinganisha jina halisi.

Kama unahitaji SSH mara moja ili ufanye kazi kwa utulivu, irudishe mtandaoni kwa mkono, kwa kutumia anwani zako:

```
ip link set ens1 up
ip addr add 192.168.1.10/24 dev ens1
ip route add default via 192.168.1.1
```

Hayo hayadumu mashine ikizimwa, na haina haja yadumu.

Lakini kabla hujairudisha seva hewani, angalia faiwoli. Hapa ndipo ninapoomba msomaji asikimbie, kwa sababu mtandao ukikatika utajua mara moja, ila faiwoli ikikosekana hutaambiwa na mtu. Kwenye nftables, faiwoli ya Linux, kuna njia mbili za kutaja kiolesura. `iifname "enp1s0"` inalinganisha maandishi. Kiolesura kisipokuwepo, kanuni inapakiwa salama lakini hailingani na pakiti yoyote. `iif "enp1s0"` inatafuta namba ya kiolesura wakati wa kupakia. Kisipokuwepo, kanuni hiyo inakataliwa. Na kwa kuwa nftables hupakia faili yote kwa pamoja au haipakii kabisa, kosa la mstari mmoja linaangusha kanuni zote. Seva inawaka bila faiwoli hata moja. Ukiirudisha mtandaoni kwa mkono katika hali hiyo, hifadhidata iliyokuwa imejificha nyuma ya kanuni hizo sasa iko wazi kwa yeyote. Andika `nft list ruleset` na usome kinachotoka. Kikitoka kitupu, rekebisha hicho kwanza.

Jina la zamani hujificha sehemu nyingi kuliko mtu anavyokumbuka. Litafute lote kwa pamoja:

```
grep -rn enp1s0 /etc
```

Utalikuta kwenye `/etc/network/interfaces` au `/etc/netplan`, kwenye miunganisho ya NetworkManager, kwenye `bridge-ports` ya daraja la mashine pepe, kwenye dnsmasq, kwenye `/etc/default/isc-dhcp-server`, kwenye mistari ya sysctl kama `net.ipv4.conf.enp1s0.rp_filter`, na kwenye skripti ya chelezo ambayo mtu aliiandika zamani na akaondoka.

Unaweza kubadilisha kila mahali jina la zamani kwa jipya, na seva itafanya kazi. Ila utakuwa umeahirisha tatizo hadi toleo lijalo. Msimamo wangu ni kwamba mashine yoyote yenye kadi zaidi ya moja, au iliyo mahali pasipofikika kirahisi, ipewe majina uliyoyachagua mwenyewe. Tengeneza faili `/etc/systemd/network/10-nje0.link`:

```
[Match]
PermanentMACAddress=52:54:00:12:34:56

[Link]
Name=nje0
```

Nyingine kwa `ndani0`. Majina hayo yanaeleza kazi ya kila upande, na anayesoma kanuni ya faiwoli inayosema `iifname "ndani0"` anaelewa bila kuuliza. Yawe na herufi zisizozidi 15, ambacho ni kikomo cha kerneli. Usichague `eth0` wala `eth1`, kwa sababu utarudi kwenye ugomvi uleule wa udev na kerneli kugombea jina moja.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia kwenye faili hiyo. Jina lake lianze na namba ndogo, maana udev husoma faili hizi kwa mpangilio wa majina na kutumia ya kwanza tu inayolingana. Ikianza na herufi itakuja baada ya `99-default.link` na haitasomwa kamwe. Tumia `PermanentMACAddress` badala ya `MACAddress`, kwa sababu madaraja na VLAN (mitandao pepe inayopita kwenye kadi moja) hurithi MAC ya kadi na vinaweza kugombea jina lilelile; kama `ethtool -P` inaonyesha sufuri tupu kwa kadi yako, tumia `MACAddress` ukiongeza `Type=ether`. Na la tatu, ambalo husahaulika kuliko yote: udev inaanza kazi ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa faili unaopakiwa mwanzoni kabisa, kabla diski yako haijafunguliwa. Nakala ya zamani ya mipangilio hii ikiwa bado imo humo, jina la zamani litatangulia. Kwenye Debian na Ubuntu endesha `update-initramfs -u`. Kwenye Fedora na jamaa zake, `dracut -f`.

Wanaotumia netplan wanaweza kufanya hayo ndani ya YAML yao, kwa `match` yenye `macaddress` na `set-name: nje0`.

Ushauri utakaoupata haraka zaidi ukiuliza ni kuweka `net.ifnames=0` kwenye `/etc/default/grub` ili majina ya `eth0` yarudi. Kwenye mashine pepe yenye kadi moja, sina ubishi nao. Hakuna foleni ya mtu mmoja inayoweza kubadilika. Kwenye ruta au seva yenye kadi mbili, ninaupinga kabisa. Utakuwa umeirudisha bahati nasibu ya zamani, tena bila ile faili ya MAC iliyokuwa inaipunguza makali.

Yote haya ni rahisi mara nyingi zaidi yakifanywa kabla ya kuwasha upya. Baada ya `apt full-upgrade` kumalizika, ungali ndani ya SSH, iulize udev mpya itatoa jina gani:

```
udevadm test-builtin net_setup_link /sys/class/net/enp1s0 2>/dev/null
```

Mstari wa `ID_NET_NAME` ukisema `ens1`, umeshajua kinachokuja. Lakini kumbuka kerneli inayoendesha mashine wakati huo ni ile ya zamani, kwa hiyo jaribio hili linaona mabadiliko ya udev tu. Badiliko la `i40e` halitaonekana. Angalia draiva kwa `ethtool -i enp1s0`. Ikiwa ni `i40e`, lichukulie jina kuwa litabadilika na uandike faili ya `.link` kabla ya kuwasha upya. Ukishaiandika, endesha jaribio tena: sasa linapaswa kujibu `nje0`.

Hali moja inakataa dawa ya MAC, nayo ni ya kawaida sana huku kwetu ambako ofisi na shule nyingi hupata intaneti kwa modemu ya USB. Debian na Ubuntu huvipa vifaa vya USB majina ya `enx` yanayotokana na MAC. Modemu nyingi za Huawei za aina ya HiLink, kama E3372, hujitambulisha kwa kompyuta kwa MAC moja ileile, `0c:5b:8f:27:9a:64`. Ukichomeka mbili kwa ajili ya laini ya akiba, zote zinataka kuitwa `enx0c5b8f279a64`, na moja inabaki bila jina hilo. Hapo tambua kwa tundu badala ya MAC. Soma `ID_PATH` ya kila modemu kwa `udevadm info`, kisha andika kwenye sehemu ya `[Match]` ya faili yake:

```
Path=pci-0000:00:14.0-usb-0:3:1.0
```

na kwenye `[Link]`, `Name=laini1`; ya pili iwe `laini2` kwa tundu lake. Halafu bandika karatasi kwenye kasha la mashine ikionyesha modemu ipi inakaa tundu lipi, kwa sababu anayefagia chumba cha seva hajui kwamba kuzibadilisha nafasi kunabadilisha njia ya mtandao ya ofisi nzima.